Kuchagua telehandla ya shantie Lubumbashi: anza na mzigo wako mgumu

Mtu anayempigia simu mkodishaji wa mashine hapa Lubumbashi na kuomba "Manitou ya tani 4" anaweza kuletewa mashine mbili zisizofanana. Kampuni ya Manitou, yenye makao yake Ancenis nchini Ufaransa, hutengeneza foklifti za kazi ya nje zenye mlingoti uliosimama, na pia hutengeneza mashine zenye mkono mmoja mrefu unaoinuka na kurefuka, yaani telehandla. Telehandla hizo hutengenezwa vilevile na JCB, Merlo, JLG, Caterpillar na wengine, lakini kwenye shantie zetu, yaani viwanja vya ujenzi, zote zimekwisha kupewa jina moja, Manitou. Foklifti ya mlingoti huinua mzigo wima mbele ya magurudumu yake na haiwezi kuusogeza mbele zaidi ya hapo. Telehandla huupeleka mzigo juu na mbele kwa pamoja, ikaupitisha juu ya jukwaa la mafundi na kuutua ndani ya ukingo wa sakafu ya ghorofa. Kwa sababu hiyo ombi la mashine lisitaje jina na tani peke yake, bali litaje uzito, kimo na umbali, na liwe la maandishi.

Inafaa pia kujiuliza kama mashine hii inahitajika. Kwa nyumba ya chini au ya ghorofa moja, katika kiwanja chembamba cha mitaa ya mji kama Katuba au Kenya ambako lori lenyewe huingia kwa shida, kapi, winchi ndogo na vijana wenye nguvu hutosha, na fedha za kukodi mashine zingenunua sima (saruji) nyingi. Telehandla huanza kulipa pale ambapo mizigo ni mingi na ya aina nyingi: lori la sima linapaswa kushushwa asubuhi, nondo zipelekwe nyuma ya kiwanja, mbao za kumwagia zege zipande ghorofa ya pili, na takataka za ujenzi ziondolewe jioni, yote kwa mashine moja. Jengo likizidi ghorofa tano, au likiwa pana kiasi kwamba mzigo lazima utue katikati yake, hapo ni kazi ya kreni, kwa maana mkono wa telehandla huingia mita chache tu ndani ya ukingo.

Mzigo unaoamua

Wengi huchagua kwa kutazama mzigo mzito kuliko yote. Hilo ni kosa la kawaida sana, kwa sababu mzigo mzito mara nyingi huinuliwa chini tu, pale lori linaposhushwa, mahali ambapo karibu kila telehandla ya ujenzi huumudu. Mzigo unaoamua ni ule wenye muungano mgumu wa uzito, kimo na umbali, nao unaweza kuwa mwepesi kuliko mingine yote.

Kwa hiyo orodhesha kwanza mizigo yako na uipime kwa hesabu. Paleti ya mifuko 40 ya sima ya kilo 50 ni kilo 2,000, na paleti ya mbao huongeza kilo ishirini na kitu. Zege ina uzito wa karibu tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo, hivyo ndoo ya lita 500 iliyojaa hubeba tani 1.2 kabla ya kuhesabu chuma cha ndoo yenyewe. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10 na nusu na ziada kidogo, kwa hiyo fungu la nondo 100 hukaribia kilo 1,070. Nondo ya milimita 16 hufika karibu kilo 19 kwa kipande. Matofali ya kuchomwa ya kwetu hayana uzito mmoja, maana kila tanuri lina kipimo chake, hivyo pima matofali kumi kwenye mizani ya muuzaji na uzidishe. Ni kazi ya nusu saa, na sijawahi kuona msimamizi aliyeijutia.

Baada ya uzito, pima kimo. Tuchukue jengo la R+3, yaani la chini na ghorofa tatu juu yake, la aina inayojengwa sasa kwa wingi katika Kampemba na kandokando ya barabara kuu za mji, lenye msingi ulioinuka sentimita 45 na kimo cha mita 3.20 kutoka sakafu hadi sakafu. Sakafu ya juu kabisa, ile ya paa, itakuwa kwenye mita 13.25. Meno ya uma hayawezi kufika hapo na kuishia hapo: lazima yapite juu ya ukingo, juu ya mbao za pembeni na nondo zilizochomoza, na kwa hilo ongeza angalau mita moja. Unahitaji basi kimo cha mita 14.25, na mashine inayoitwa ya mita 14, ambayo kwa kweli huinua mita 13 na nusu au zaidi kidogo, haitoshi. Itakubidi kuchukua ya daraja la mita 17 au 18.

Hapo ndipo ninapopenda kusimama na kufikiri kabla ya kukubali. Sakafu ya ghorofa ya tatu, iliyo chini ya ile ya paa, iko kwenye mita 10.05, na kwa nyongeza ya mita moja inakuwa 11.05, kimo ambacho mashine ya mita 14 hukifikia kwa raha. Kama mizigo ya kupanda hadi juu ya paa ni michache, yaani matofali ya ukuta mfupi wa ukingo, tangi la maji na mabati ya kibanda cha ngazi, huenda ikawa nafuu kuishusha kwenye ghorofa ya tatu na kuipandisha kwa winchi kwa siku kadhaa, badala ya kulipia kwa miezi mashine kubwa, nzito, inayokunywa mazutu (dizeli) zaidi na isiyopita kwenye lango. Lakini zege ya paa ikitegemea mashine hiyo hiyo, hesabu inageuka, kwa sababu zege haisubiri winchi.

Kipimo cha tatu, umbali wa mbele, ndicho kinachosahauliwa. Simama mbele ya jengo na futi ya chuma mkononi. Jukwaa la mafundi lina upana wa mita moja na limeachana na ukuta kwa sentimita 30. Dereva mwenye busara ataacha sentimita 70 kati ya mashine na nguzo za jukwaa. Tayari ni mita 2. Paleti ya mita 1.20 ikitua nusu mita ndani ya ukingo, kiini cha uzito wake kiko mita 1.10 ndani. Jumla ni mita 3.10 kutoka mbele ya mashine hadi kiini cha mzigo, na hapo hakuna mfereji wa maji ya mvua, wala bustani, wala rundo la mchanga ambalo lori liliacha mahali pabaya. Ukiweka mfereji wa mita moja na nusu, umbali unakuwa mita 4.60, na uwezo wa mashine hubadilika kabisa.

Kusoma chati ya mizigo

Majina ya mashine yanasaidia, ila yanapotosha kwa urahisi. JCB 540-170 ni mashine ya tani 4 na mita 17 kwa mviringo; Manitou MT 1840 ni ya mita 18 na tani 4, namba zikiwa zimepangwa kinyume. Katika zote mbili, tani 4 hizo ni za mzigo ulio karibu na mashine. Mkono wa mashine za daraja hilo ukinyooshwa mbele mpaka mwisho wake, uwezo hushuka chini ya tani moja, na hakuna hila ya dereva itakayoubadilisha.

Ukweli wa mashine uko kwenye chati ya mizigo, mchoro uliobandikwa ndani ya kibanda cha dereva na kurudiwa katika kitabu cha mashine. Mstari wa wima unaonyesha kimo, wa ulalo unaonyesha umbali wa mbele, na kati yake kuna maeneo yaliyopindwa kama pinde, kila moja likiwa na uzito wake. Chukua mfano wetu: weka alama kwenye kimo cha mita 11.05 na umbali wa mita 3.10, kisha tazama alama imeangukia eneo gani. Ikiwa eneo hilo linasema kilo 2,500, paleti ya mifuko 40 inapita. Ikiwa alama imekaa juu ya mstari unaotenganisha maeneo mawili, hesabu ule uzito mdogo. Kwenye mkono wenyewe zimeandikwa herufi au namba zinazojitokeza kadiri unavyorefuka, na pembeni kuna mshale wa kuonyesha pembe. Vitu hivyo viwili humwezesha dereva kujua yuko wapi kwenye chati bila kushuka na futi. Mashine ambayo herufi zake zimefutika au mshale wake umevunjika haijawa tayari kwa kazi, hata kama injini inaunguruma vizuri.

Muulize mkodishaji akutumie picha ya chati kabla ya mashine kutoka kwenye uwanja wake. Anayekataa, au anayetuma chati ya modeli nyingine iliyopatikana kwenye intaneti, amekwisha kukujibu. Ukiipata, chunguza mambo ambayo karani wa mauzo huyapitia haraka. Mashine ndefu huwa na chati mbili: moja ya kuinua ikiwa juu ya matairi na nyingine ya kuinua ikiwa imesimama juu ya miguu ya kuegemea. Uwezo unaotangazwa kwa sauti mara nyingi ni wa chati ya pili, na kama kiwanja chako hakina nafasi au udongo wa kubeba miguu hiyo, chati ya kwanza ndiyo yako. Tazama pia sifuri ya umbali inaanzia wapi, kwa sababu miguu ya mbele ikishuka huwa mbele ya matairi, na hiyo ndiyo itakayopakana na jukwaa lako. Halafu angalia kiini cha mzigo kimehesabiwa kwenye milimita 500 au 600 kutoka kisigino cha uma: mzigo mrefu, kwa mfano fremu ya dirisha au kreti pana, huwa na kiini mbele zaidi ya hapo, na uwezo ulioandikwa hauuhusu tena.

Chati yote ni halali juu ya ardhi iliyo sawa tu. Telehandla nyingi kubwa zina mtambo wa kusawazisha fremu, na mshale au tone la hewa kwenye kioo cha maji humwonyesha dereva kama amesimama sawa. Usawazishaji hufanywa mkono ukiwa chini, kamwe si baada ya mzigo kupanda. Mashine iliyoinama upande, mkono ukiwa juu, huanguka kwa ubavu bila kutoa onyo refu. Kuna kosa lingine ambalo dereva wa foklifti ya kawaida hulifanya siku ya kwanza: anaponyoosha mkono juu kisha akaushusha bila kuurudisha ndani, mzigo hauteremki wima bali unasonga mbele, mbali na magurudumu, na uzito uliokuwa salama juu unakuwa mkubwa mno njiani. Kwa ajili hiyo mashine mpya huja na kipimo cha hatari ya kupinduka mbele, chenye taa za kijani, manjano na nyekundu, ambacho pia huzuia mwendo unaozidisha hatari. Ulaya iliweka kanuni yake katika EN 15000. Kipimo hicho hakioni kuanguka kwa ubavu. Ukikuta kimezimwa kwa ufunguo au waya umekatwa "ili mashine ifanye kazi", rudisha mashine.

Udongo, mfereji na lango

Telehandla ya mita 14 huwa na uzito wa takriban tani 11, upana wa karibu mita 2.40 na urefu wa mita 6 bila uma. Ikibeba mzigo mbele, karibu uzito wote huhamia ekseli ya mbele. Udongo mwekundu wa Lubumbashi unaibeba vizuri katika kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, na kumdanganya msimamizi; mvua zinapoanza, kuelekea Novemba, njia ile ile iliyokuwa ngumu kama barabara hugeuka utelezi, na magurudumu manne yanayosukuma hayasaidii mashine iliyozama kwenye shimo lililofukiwa. Katika viwanja vya zamani vya mji kuna visima vilivyoachwa na mashimo ya choo yaliyofunikwa kwa zege nyembamba, na hakuna aliyeyachora kwenye ramani. Waulize majirani wazee, chomeka fimbo ya chuma pale unaposhuku, na uweke alama ya rangi. Kando ya mtaro uliochimbwa, kanuni rahisi ni kukaa umbali usiopungua kina chake: mtaro wa mita 2, mashine mita 2 kutoka ukingoni, na zaidi udongo ukiwa umelowa. Chini ya miguu ya kuegemea weka mbao nene au sahani pana, kila siku, hata pale dereva anaposema ardhi ni ngumu.

Pima lango, na upime pia njia kutoka barabarani mpaka langoni. Vifuniko vya mifereji mbele ya viwanja vingi vilimiminwa kwa ajili ya gari dogo la mwenye nyumba. Mashine yenye usukani wa magurudumu yote manne hugeuka ndani ya karibu mita 4 za nusu kipenyo kwenye matairi ya nje, na inaweza kutembea kimshazari kama kaa, jambo linalosaidia sana kusogea kwenye ukuta. Hata hivyo haiwezi kupita pasipopitika. Mahali pembamba, telehandla ndogo yenye upana wa mita 1.80 hadi 2 na kimo cha kuinua cha mita 6, inayonyanyua tani 2 na nusu, hufanya kazi nyingi kuliko kubwa iliyobaki nje ya ukuta. Inua macho pia: nyaya za SNEL, shirika la umeme, hupita chini katika mitaa mingi, na mkono wa mita 14 huzifikia bila dereva kujua. Acha mita 3 kwa nyaya za chini ya volti 50,000 na mita 5 kwa zilizo juu ya hapo, ukihesabu kutoka kwenye ncha ya mzigo, si kutoka kwenye kibanda.

Kuhusu matairi, shauri langu ni fupi. Kiwanja chenye nondo zilizokatwa, misumari na mawe makali kinadai matairi yaliyojazwa povu, ambayo hayapasuki, ingawa ni mazito na yanatikisa barabarani. Kwingine matairi ya hewa yenye meno makubwa yanatosha, mradi pumzi yake ipimwe, kwa sababu tairi lililolegea hubatilisha chati.

Injini kwa mazutu yetu

Lubumbashi iko kwenye kimo cha karibu mita 1,200 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, yaani kama asilimia 12 hapa. Yenye turbo huathirika kidogo sana, na telehandla nyingi za ujenzi zenye nguvu za farasi 75 hadi 130 tayari zinayo. Tatizo kubwa zaidi ni usafi wa moshi. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la leo la Ulaya au Marekani zina chujio la masizi kwenye bomba, na zenye kilowati 56 na zaidi kwa kawaida hudai pia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Mitambo hiyo inahitaji mazutu yenye salfa ndogo mno, sehemu 10 hadi 15 kwa milioni. Mazutu inayonunuliwa kwa madumu au kutoka kwenye tangi lisilojulikana huziba chujio, kisha kompyuta hupunguza nguvu ya injini mpaka mashine inatambaa, na fundi wa mtaani hana kifaa cha kuzungumza na kompyuta hiyo. Isipokuwa una chanzo cha mafuta unachokiamini na wakala mwenye kompyuta yake mjini, chukua injini ya kizazi cha nyuma, ile ambayo Ulaya waliita Stage IIIA, na ufunge chujio la pili la kutenganisha maji.

Vumbi la kiangazi ni adui wa pili. Uliza kama chujio la hewa lina kikombe cha kunasa vumbi kabla ya chujio lenyewe, na kama feni ya rejeta inaweza kugeuza mzunguko ili kupuliza uchafu nje. Juu ya giaboksi wataalamu hawakubaliani, na mimi nina upande wangu: mwendo wa haidroliki tupu humpa dereva usahihi mzuri wa kusogea sentimita moja moja mbele ya ukuta, lakini hauvumilii mafuta machafu, ilhali giaboksi yenye kibadilishi cha nguvu kwa mafuta (torque converter) hutembea vizuri zaidi barabarani kati ya shantie mbili na hustahimili uzembe. Kwa kampuni ndogo isiyo na karakana safi, ningechukua ya pili.

Kumbuka pia njia ya vipuri. Mipira ya haidroliki hubanwa hapa hapa mjini, na filta za modeli za kawaida hupatikana. Lakini vihisi vya mkono na kadi za umeme hutoka nje, nyingi zikipitia Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, na mashine husimama huku ukilipa kodi yake. Kabla ya kuchagua modeli, tafuta mashine nyingine mbili au tatu za aina hiyo zinazofanya kazi katika mji au migodini kuelekea Likasi na Kolwezi. Pasipokuwapo hata moja, bei nzuri ya mashine hiyo ina sababu yake.

Vifaa vya mbele

Uma, ndoo ya mchanga, ndoano ya kuning'iniza na kikapu cha watu havifanani kwa chati: kila kifaa kina yake, na uzito wa kifaa hutolewa kwenye uwezo wa mashine. Viungio vya kubadilishia navyo hutofautiana kati ya watengenezaji, hivyo ndoo ya JCB haiingii kwenye Manitou bila kiungo cha kati, na kiungo hicho kina uzito wake na chati yake. Nondo za mita 12 zisisafirishwe kwa uma zikiwa zimelala kwa upana, kwa maana hupiga ukuta, jukwaa na watu. Zifungwe kwa mikanda kwenye ndoano, na vijana wawili washike kamba za kuongozea. Mabati huogopa upepo kuliko uzito. Kikapu cha watu kiruhusiwe tu pale mtengenezaji alipokiidhinisha kwa mashine hiyo hiyo, na viongozeo viwe ndani ya kikapu. Kumpandisha fundi juu ya paleti ni jambo ambalo halijadiliwi.

Unapokagua iliyotumika

Saa za mita ya injini hugeuzwa kirahisi, kwa hiyo soma uchakavu wa kanyagio na kiti badala yake. Kisha nenda kwenye uma na kipimo cha vernia. Pima unene wa jino mahali linaposimama wima, ambako halisuguliwi, halafu pima kisigino, pale linapopinda. Jino lililokuwa na milimita 50 na sasa lina 45 limeliwa asilimia 10, na kwa kipimo hicho nguvu yake imepungua kwa karibu asilimia 20. Huo ndio mpaka wa kulitupa. Kulichomelea kwa welding hakukubaliki, kwa kuwa joto huharibu ugumu wa chuma.

Rudi kwenye mkono. Urefushe ukiwa mlalo, mtu mmoja ashike ncha yake na kuitikisa kushoto na kulia: ukicheza sana, vipande vya plastiki ngumu vinavyouwezesha kuteleza ndani vimekwisha. Vipande hivyo si ghali, ila vikisahauliwa chuma husuguana na chuma, na hilo haliponi. Minyororo ya kurefushia, kama ipo, hubadilishwa inaporefuka kwa asilimia 3, au 2 kwa baadhi ya watengenezaji. Tafuta rangi mpya isiyo na sababu karibu na maungio; chini yake mara nyingi kuna ufa ulioshonwa. Mwisho nyanyua mzigo unaojulikana uzito wake, zima injini, weka alama ya chaki kwenye silinda na usubiri dakika kumi. Mkono ukiteremka, mafuta yanapita ndani ya silinda au kwenye vali za usalama, na vali hizo ndizo zinazozuia mzigo kuanguka mpira ukipasuka.

Dereva na mkataba

Leseni ya lori haimfundishi mtu kusoma chati. Dereva akileta CACES, cheti cha Kifaransa cha kuendesha mashine za kazi, daraja la telehandla ni F katika mfumo wa R482 ulioanza 2020, na katika mfumo wa zamani wa R372 lilikuwa 9. Cheti cha foklifti ya ghala si hicho. Hata mwenye cheti mpe jaribio: mwonyeshe chati, mtajie uzito na mahali pa kutua, na usikilize kama atauliza umbali kabla hajawasha injini.

Mkataba wa kukodi useme wazi nani analipa mazutu, dereva, tairi lililochanika na lori la kuleta mashine. Mashine ikiharibika, kodi isimame kuanzia saa gani. Na mashine mbadala ije baada ya siku ngapi. Siku ya kupokea, dereva aupeleke mkono mtupu mpaka kwenye kimo na umbali wa ule mzigo wako mgumu, mahali penyewe patakapofanyiwa kazi, miguu ikiwa imeshuka kama itakavyokuwa. Ikiwa hafiki, au nguzo ya jukwaa inamzuia, andika hivyo kwenye karatasi ya mapokezi pamoja na saa za mita, kiwango cha mafuta na hali ya kila tairi, na ufanye hayo yote kabla ya kutia sahihi, lori lililoileta likiwa bado langoni.